Zenji Si ya Wazungu Peke Yao: Lala Ng'ambo, Kula Darajani

Kila muhula ukikaribia kukatika wananijia watu wawili watatu na swali lilelile: "Kaka, tunakwenda Zenji siku mbili, tufikie wapi na tule wapi?" Nimeshajibu kwenye foleni ya kantini, nimeshajibu maktaba kwa kunong'ona, nimeshajibu hata usiku wa kuamkia mtihani. Leo naandika mara moja, kila mtu asome, halafu aje tubishane. Maana najua mtabisha tu.

Jibu langu fupi ni hili: msilale Mji Mkongwe, na msile Forodhani. Laleni Ng'ambo. Kuleni Darajani na vichochoro vya jirani zake. Forodhani nendeni jioni kutembea, kunywa juisi ya miwa na kupiga picha za kuwarushia roho waliobaki hosteli, basi.

Haya, sasa jibu refu.

Kinachonikera mimi si bei peke yake. Hapa Mlimani Muungano tunausoma, tunaufanyia mitihani, na kwenye semina za DS watu wanagombana mpaka mishipa ya shingo inasimama: serikali mbili, serikali tatu, mafuta ya nani, kero za nani. Kila mtu ana msimamo. Lakini ukiuliza darasa zima nani ameshalala Unguja hata usiku mmoja, mikono inayonyanyuka unaihesabu kwa vidole na vidole vinabaki. Boti inatumia kama saa mbili tu! Mtu wa Mbeya anakaa kwenye basi kutwa nzima kwenda kwao na halalamiki, ila hizo saa mbili za bahari anaziona kama safari ya kwenda Ulaya. Anamaliza miaka yake mitatu, anavaa joho, anarudi Mbeya, na Zanzibar anaijua kwa magazeti tu na kwa picha za fungate za watu wengine.

Sababu ziko mbili. Ya kwanza ni bahari yenyewe, na hiyo simcheki mtu. MV Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikielekea Pemba, MV Skagit ikazama Julai 2012 ikitoka hapa Dar, na kuna wazazi ambao tangu hapo hawataki kusikia mtoto wao amekanyaga gatini. Mzazi wa namna hiyo usimbishie, mpe muda.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka kuipiga vita: ile imani kwamba Zenji ni ya wazungu na maharusi, mwanafunzi wa bumu hana lake kule. Na imani hiyo haikutoka hewani. Ukishuka kwenye boti ukafuata mkumbo, ukaingia Shangani na Kiponda kutafuta kitanda, utaithibitisha ndani ya nusu saa. Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na nyumba nyingi zilizokuwa za kuishi familia zimegeuzwa hoteli, duka la vinyago au mgahawa wenye mishumaa mezani. Ni kuzuri, nakubali. Ile milango ya nakshi, zile ngazi za mbao, kile kitanda cha samadari chenye chandarua kinachoning'inia kama shela ya bibi harusi... unaelewa kabisa kwa nini mtu ametoka Ujerumani kuja kukilalia. Lakini bei yake ilizaliwa kwenye dola, na hata ukitajiwa kwa shilingi unaisikia lafudhi.

Kuna nyumba moja ya wageni, jina nalihifadhi, tuliingia watu wanne kuuliza chumba. Kijana wa mapokezi akatutazama viatu, akatutazama mabegi, halafu akatutajia bei taratibu kama anayemsomea mgonjwa majibu ya vipimo. Tukamwambia sisi ni Watanzania, wanafunzi. Akasema hiyo ndiyo bei ya Watanzania. Teh teh teh. Tukamuaga vizuri tukatoka.

Sasa wengi wakitoka hapo wanafanya nini? Wanalipa hivyo hivyo kwa aibu, wanalala usiku mmoja, pesa ya chakula imekatika, wanakula boflo kavu na soda, wanarudi Dar wakitangaza "Zenji ghali balaa". Si Zenji iliyo ghali. Ghali ni ule ukanda unaoweza kuuzunguka kwa mguu asubuhi moja.

Mtakaobisha kwamba nje ya hapo hakuna mji, ngoja tuongee kidogo juu ya jina. Ng'ambo maana yake ni upande wa pili, si ndiyo? Upande wa pili wa nini? Palikuwa na mkono wa bahari unaoingia ndani, Pwani Ndogo, ukitenganisha mji wa mawe na upande wa pili uliojaa nyumba za udongo na makuti. Watu walivuka kwa daraja. Mkono ule wa bahari ukaja kufukiwa, pakapita barabara ambayo leo inaitwa Benjamin Mkapa, lakini majina yamegoma kuondoka: Darajani hakuna daraja tena na Ng'ambo huvuki maji kwenda. Unavuka barabara tu, ukiangalia daladala zisikugonge.

Upande huo wa pili ndiko waliko watu wenyewe. Raha Leo, Kikwajuni, Miembeni, Mwembetanga, Jang'ombe. Yale magorofa marefu ya Michenzani ambayo ukiyaona mara ya kwanza unadhani umehamia nchi nyingine, yalijengwa miaka ya 1970 katika mpango ulioanza wakati wa Karume, na Wajerumani wa Mashariki ndio waliochora ramani mpya ya mji mwaka 1968. Siti binti Saad, ambaye tumemsoma kwa Shaaban Robert, alikuja mjini kutoka Fumba na umaarufu wake wa taarabu uliota huko Ng'ambo, kabla ya kupelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Na mliosoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kidato cha tano na sita, hebu kumbukeni. Yasmin alipomkimbia mzee Raza na ndugu zake wakamfungia mlango, nani alimpokea? Mwajuma. Wapi? Ng'ambo. Kitabu kizima tulikijadili dhamira na wahusika, tukajaza kurasa za mtihani, lakini tukifika Unguja tunakimbilia kupanga foleni kwenye nyumba inayosemekana kuwa ya Freddie Mercury. Sina ugomvi na Freddie, alizaliwa Unguja mwaka 1946 na ni wa kwetu vilevile. Nasema tu Mwajuma naye ana haki ya kutembelewa.

Basi kuhusu kulala. Ninachotafuta mimi ni vitu vinne: mlango unaofungika, maji, feni inayozunguka, chandarua kisicho na tundu. Hivyo vyote vinapatikana kwenye nyumba ndogo za wageni za Kikwajuni, Mlandege, Michenzani na huko ndani ndani. Hazina mlango wa nakshi wala paa la kunywea chai ukitazama machweo. Nyingi hazina hata kibao cha maana, unaulizia dukani. Mkichangia chumba watu wawili, kila mmoja anatoa kama bumu la siku mbili au tatu kwa usiku, wakati mwingine pungufu msimu wa masika, Machi mpaka Mei, mvua ikiwa imewafukuza watalii. (Nahesabu kwa bumu la shilingi 10,000 kwa siku, lile lililoanza mwaka wa masomo 2022/23. Waliotutangulia walikuwa na 8,500, na wanapenda kutukumbusha.) Kuanzia Juni mpaka Oktoba, na tena Desemba mpaka Februari, mambo yanapanda. Februari kuna Sauti za Busara, usithubutu kwenda bila kuwa umeshapiga simu, utalala kwenye baraza la mtu.

Ukishapata chumba, lipa usiku mmoja kwanza. Washa feni, fungua bomba, vuta chandarua ukitazame kwenye mwanga. Ukiridhika ndiyo ulipe wa pili. Hii haihitaji shahada.

Wale mnaokwenda wawili wawili, mnajijua... Baadhi ya nyumba kule zitawauliza cheti cha ndoa, na hawaulizi kwa utani. Ni nyumba ya mtu, ana dini yake na majirani zake. Msianze kumfundisha haki za binadamu mlangoni saa nne za usiku. Chukueni vyumba viwili au nendeni kule kwenye mishumaa mkalipe bei ya mishumaa.

Sasa tule, maana hapa ndipo penyewe.

Asubuhi usinywe chai ulipolala hata kama ni ya bure. Toka. Tembea mpaka uone moshi na watu wamekaa kwenye benchi wamekupa mgongo. Hapo kuna chapati, mkate wa boflo, maandazi, vitumbua, na maharage yaliyoungwa kwa nazi mpaka mchuzi umekuwa mzito. Boflo kwa maharage ya nazi ni chakula ambacho nikikifikiria saa hizi, na kantini yetu ilivyo, nasikia uchungu kabisa. Sisi wa bara maharage tumeyafanya adhabu ya bweni, kule yanapikwa kama mtu anayapenda. Halafu msikilize lugha wakati unakula. Viazi ni mbatata. Nyanya ni tungule. Ukiomba "nyanya" unaweza kuoneshwa bibi wa mtu, teh teh.

Mchana tafuta wali. Sokoni Darajani na vichochoro vinavyotoka pale kuelekea Mkunazini kuna migahawa ambayo chakula kipo kwenye masufuria mbele yako, unanyoosha kidole: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, mchicha, pweza wa nazi kama ipo. Soko lenyewe la Darajani ni la mwaka 1904, na hata kama hununui kitu pita upande wa samaki uone jodari mzima kalala chini kama mtu aliyechoka. Ijumaa baada ya sala pilau na biriani vinatawala, na mimi kama ningeambiwa nichague siku moja tu ya kuwa Unguja ningechagua Ijumaa kwa sababu hiyo peke yake. Lukmaan pale Mkunazini, karibu na Kanisa la Anglikana, nao wanafanya hivyo hivyo kwa kuonesha kidole. Siku hizi wazungu wameshawajua na foleni ina lugha sita, lakini mwenyeji bado unamkuta anakula, na hicho ndicho kipimo changu. Mahali mwenyeji ameacha kwenda, mimi naenda kufanya nini?

Alasiri ni urojo. Tafadhali nisikilizeni hapa.

Urojo wa Dar mnaoujua, ule wa kwenye ndoo, usiwadanganye. Kule ni bakuli la mchuzi wa manjano mwepesi wenye ukali wa embe bichi au ndimu, ndani yake mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, mishkaki kama una pesa, yai kama una pesa zaidi, juu yake chatini ya nazi, pilipili, halafu chipsi za muhogo zilizopondwa zinazolia kriii kabla hazijalowa. Kila muuzaji ana mkono wake. Watu wa Unguja wanagombania urojo wa nani mtamu kama sisi tunavyogombania Simba na Yanga, na ukitaka kupata marafiki haraka muulize mtu yeyote wa daladala urojo bora uko wapi halafu muulize wa pili yake. Bakuli halifiki hata nusu ya bumu la siku, na ukishamaliza huhitaji chakula cha usiku. Ila mbebeni leso. Unatoa jasho na kamasi kwa pamoja.

Jioni kahawa. Nenda Soko Muhogo, pale wanapopaita Jaws Corner, ukae barazani. Kahawa tungu kutoka kwenye dele la shaba lililokalia makaa, kikombe kidogo kama cha kuchezea, na kashata ya kuvunjia uchungu. Hapo ni ndani ya Mji Mkongwe, sawa, lakini ni mahali wenyewe hawajapaachia. Wazee wanacheza bao na dhumna na wanajadili siasa. Na hapa ndugu zangu wa DS, wenye misimamo ya serikali ngapi, kaeni kimya msikilize. Nimejifunza kuhusu Muungano kwenye baraza lile kwa vikombe vitatu vya kahawa kuliko muhula mzima wa semina, na sikuambiwa na mtu mmoja: mmoja alisema hivi, jirani yake akamwambia wewe muongo, wa tatu akasema nyote hamjui kitu, akaanza kutoka mwaka 1957. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza chama changu. Waliniuliza kwetu wapi, na kama nimekula.

Hilo ndilo ninalolisema kuhusu kufikia wapi. Unapolala ndipo panapochagua nani atakuambia habari za asubuhi. Ukilala kwenye hoteli ya paa, anayekusalimia ni mtu anayelipwa kukusalimia, tena kwa Kiingereza, anastuka ukimjibu kwa Kiswahili. Ukilala Kikwajuni, anayekusalimia ni mama anayefagia mbele ya nyumba yake, utamwamkia shikamoo, ataitika marahaba, na siku ya pili atakuuliza jana mlichelewa wapi.

Najua sasa mnasubiri Forodhani.

Forodhani ni bustani nzuri mno, sibishi. Jina linatokana na forodha. Ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan ikafunguliwa upya mwaka 2009, mbele yako bahari, nyuma yako Ngome Kongwe, na pembeni ni Beit al-Ajaib aliyoijenga Sultan Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa kwenye ukarabati. Watoto wa mji wanaruka kutoka ukutani kuingia majini, jua linazama, huwezi kuchoka kutazama. Tatizo ni meza. Jioni meza zinapangwa, taa zinawashwa, mishkaki ya samaki, kamba, ngisi na pweza imepangwa kama vito vya dukani, na kijana mwenye kofia ndefu nyeupe anakuhutubia kuhusu samaki mmoja mmoja. Hajataja bei. Hatataja bei. Unanyoosha kidole hiki na hiki na kile, vinapashwa moto, na hesabu unaletewa baada ya kumeza. Halafu kitu kinachopangwa mezani mapema jioni na hakijaisha usiku, mimi sijui kinalala wapi, na tumbo langu halitaki kujua.

Kama lazima ule pale, ulize bei ya kila kijiti kabla hakijagusa moto, na kula kile kinachopikwa kibichi mbele ya macho yako. Zanzibar pizza kwa mfano: donge la unga linatandazwa kama karatasi, linajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, linakunjwa, linakaangwa. Mpishi wa zamani atakuambia hiyo ni mantabali tu iliyobatizwa jina la kuuzia. Sawa. Ni tamu kwa majina yote mawili. Na juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu ni ya kunywa bila kufikiri.

Mwenzangu mmoja wa sheria, dada makini sana, alinipinga juu ya haya yote kwa hoja ambayo siwezi kuipita kimya. Alisema: wewe ni mwanamume, unaweza kutembea Ng'ambo saa tatu za usiku ukitafuta nyumba isiyo na kibao, mimi siwezi. Hoja nzito. Mabinti wawili waliofika na boti ya jioni, hawamjui mtu, na giza limeshaingia, sitawaambia waanze kuulizia vichochoro vya Miembeni. Hao nawaambia wachukue boti ya kwanza ya asubuhi, watafute chumba mchana kweupe, na kama wanachelewa basi usiku wa kwanza walale karibu na barabara kuu, Malindi au Darajani, walipie kidogo zaidi, kesho yake wavuke. Lakini nilimuuliza na yeye: hivi vichochoro vya Mji Mkongwe saa tano za usiku, duka limefungwa na taa hakuna, ndivyo salama zaidi? Akasema hapana. Tukakubaliana kwamba usiku ni usiku.

Wengine walisema napiga vita ajira za watu. Jamani. Wazungu wanajaza zile hoteli bila msaada wa bumu langu. Ninachosema ni kwamba shilingi chache za mwanafunzi zikienda hoteli ya paa hazionekani, lakini kwa mama mwenye vyumba vitatu na kwa muuza urojo zinaonekana usiku uleule. Na kwa kweli naogopa kitu kimoja. Mji Mkongwe unavyozidi kugeuka vyumba vya kulala wageni, wenyeji wanahama, na wakihama wanaondoka na masufuria yao. Muuza boflo na maharage hana wa kumuuzia asubuhi kwenye mtaa wa mahoteli, maana wageni wameshalipiwa chai yao ndani. Mgahawa wa mchana unafuata. Unabaki mtaa mzuri ambao huwezi kupata wali. Darajani bado ni ya watu. Tukiwa tunakwenda kula pale, na sisi tunaongeza wateja upande ule.

Mambo madogo madogo kabla sijasahau. Bebeni vitambulisho, nauli ya boti ya Mtanzania si sawa na ya mgeni, na bila kitambulisho mtabaki kubishana dirishani wakati wenzenu wanapanda. Tiketi kateni dirishani, si kwa yule kaka anayewakimbilia pale karibu na Kanisa la St. Joseph akisema amewawekea nafasi. Ukishuka upande wa pili utakutana na ndugu zake, kule wanaitwa mapapasi, na mtu aliyewahi kulala kwenye kitanda chenye papasi ataelewa jina. Ukisema "ahsante yakhe, mimi mwenyeji" kwa sauti tulivu wengi wanakuachia. Ukikasirika wanakufuata mpaka Mlandege.

Nguo: funikeni mabega na magoti, nyote, si wasichana tu. Huyo kaka wa kaptura na singlendi anayepita mbele ya msikiti saa ya sala anatuaibisha.

Mwezi wa Ramadhani mchana hakuna kula hadharani, usijaribu hata maji njiani. Lakini nawaambieni, kama mnaweza kuvumilia mpaka magharibi, huo ndio mwezi wa kula Unguja kuliko yote: vitu vya futari vinapangwa barabarani mpaka hujui uanze na nini, mkate wa kumimina, kaimati, sambusa, muhogo wa nazi, bokoboko. Ukiwa umepanga kwa mama wa Ng'ambo kuna uwezekano mkubwa usinunue chochote, maana hatakuacha ukae chumbani peke yako adhana ikilia.

Na upepo wa kusi ukivuma katikati ya mwaka, asubuhi ya kurudi msinywe supu nzito kabla ya boti. Mifuko wanagawa, lakini siyo ya zawadi.

Cha kurudi nacho ni halua. Ya kupimiwa, yenye iliki, ikiwa bado laini, siyo ile ya kwenye kopo la kuuzia watalii. Leteni na kipande changu.

Namba ya yule mama wa Kikwajuni siiandiki hapa, ana vyumba vitatu tu na nyie mko wengi. Nipo kantini kila siku saa saba na nusu, meza ya karibu na bomba. Anayetaka aje na kalamu, aniambie anakwenda lini, na kama amesikia hoja yangu ya Forodhani na bado anabisha, aje na hoja yake.